Nani Anatunza Mji?

1. Kijiji na mji

Katika kijiji kidogo watu wote wanajuana. Mtu akitaka kujenga nyumba, jirani zake wanakuja kumsaidia kukata miti na nyasi. Akina mama wanateka maji mtoni. Takataka zinatupwa nyuma ya nyumba. Kuku wanazichakura, mvua inaozesha zinazobaki, na shamba linapata mbolea. Ugomvi ukitokea, wazee wanakaa chini ya mti, wanasikiliza, wanakata maneno. Mambo ya kijiji ni machache, na wenyeji wanayatengeneza wenyewe.

Sasa tuseme watu elfu moja wanakuja kukaa mahali pale. Baada yao wanakuja elfu kumi, halafu elfu mia. Je, wote watateka maji katika mto ule mdogo? Wote watatupa takataka nyuma ya nyumba, hata kama nyuma ya nyumba ya mmoja ndiyo mbele ya nyumba ya mwingine? Kila mtu atajenga anapopenda, hata katikati ya njia? Mtu mmoja akishikwa na kipindupindu, jirani zake wote watakuwa katika hatari.

Ndiyo sababu mji hauwezi kukaa bila serikali yake. Neno hili lisiwaogopeshe. Serikali ya mji ni watu waliopewa kazi ya kutunza mambo yaliyo ya wote: njia, masoko, mifereji, makaburi, usafi, na vitabu vya majina. Mtu mmoja hawezi kuyatunza peke yake. Na yasipopata mtu wa kuyatunza, yanaharibika, na hasara inawapata wote.

2. Mji wa Lubumbashi

Tuchukue mfano wa mji mkubwa wa nchi yetu: Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga.

Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika mahali pale, na mji ukaanzishwa. Mwaka 1911 tanuru za kuyeyusha shaba zikaanza kuwaka karibu na mto Lubumbashi. Wabelgiji waliuita mji huo Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Jina la mto likawa jina la mji mwaka 1966.

Shaba iliita watu wengi. Walikuja kutoka Katanga yenyewe, kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo inaitwa Zambia, na hata kutoka mbali zaidi. Kila mtu alikuja na lugha yake na desturi zake. Wakapatana kwa Kiswahili, na watoto wao wakacheza pamoja katika avenyu moja. Leo wakaaji wa Lubumbashi ni zaidi ya milioni mbili. Fikirini: hakuna mkuu mmoja anayeweza kuwajua watu wengi namna hii, wala kusikia shida ya kila nyumba. Basi, kazi inagawanywa.

3. Mji unagawanywa namna gani

Mji wa Lubumbashi umegawanywa katika sehemu saba. Kila sehemu inaitwa komini. Majina yake ni haya: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Komini ya Kenya si ile nchi ya Kenya iliyo mashariki; ni jina tu linalofanana. Kamalondo zamani iliitwa Albert. Komini Annexe ni pana kuliko zote, nayo inazizunguka nyingine.

Kila komini imegawanywa tena katika mitaa, ambayo watu wengi wanaiita kartie. Na kila mtaa una avenyu zake. Hivi tunapata ngazi, kama ngazi ya kupandia juu ya nyumba:

Kidato cha kwanza ni avenyu, pamoja na shefu wa avenyu.
Kidato cha pili ni mtaa, pamoja na shefu wa mtaa.
Kidato cha tatu ni komini, pamoja na burugumestri.
Kidato cha nne ni mji mzima, pamoja na meya.

Juu ya mji kuna jimbo, pamoja na gavana wake. Na juu ya majimbo yote kuna serikali ya taifa huko Kinshasa.

Anayepanda ngazi haruki vidato. Mtu mwenye shida ya avenyu yake haanzi kwa gavana. Anaanza kwa shefu wa avenyu, aliye jirani yake, anayejua mti ulioanguka na bomba lililopasuka. Shefu wa avenyu anapeleka neno kwa shefu wa mtaa, naye analipeleka kwa burugumestri. Shefu wa mtaa hachaguliwi kwa kura. Yeye ni mtumishi wa serikali. Kazi yake ni kujua watu wake, kuandika wanaoingia na wanaohama, na kuwapasha watu habari.

4. Wanaokata shauri na wanaotenda

Katika mji na katika komini kuna makundi mawili ya watu. Tusiwachanganye.

Kundi la kwanza ni baraza. Mji una Baraza la Mji, na kila komini ina Baraza la Komini. Watu wa baraza wanaitwa washauri. Wao wanakaa pamoja, wanazungumza juu ya mambo ya mji, na wanakata shauri: njia ipi itengenezwe mwaka huu, soko lipanuliwe au hapana, kodi ya soko iwe franka ngapi. Baraza ndilo linalokubali au kukataa hesabu ya fedha za mwaka. Tena lina haki ya kumwuliza mkuu maswali na kumtaka aonyeshe fedha zilikokwenda.

Kundi la pili ni wale wanaotenda. Katika mji kuna meya, meya msaidizi, na watu watatu wanaoitwa maeshevini. Katika komini kuna burugumestri, burugumestri msaidizi, na maeshevini wawili. Hao wanatimiza yale ambayo baraza limekata. Chini yao kuna waandishi, watunza fedha, wapima viwanja, wafagiaji wa masoko na wafanyakazi wengine wengi.

Kwa nini makundi mawili? Angalieni nyumba ya chama cha kuweka fedha. Je, mtu mmoja anaweza kushika sanduku, kushika ufunguo, kuandika hesabu, na tena kuihakikisha hesabu hiyo mwenyewe? Hata akiwa mwaminifu, watu watamshuku. Na akiwa mwizi, hakuna atakayejua. Kwa hiyo mmoja anatumia, na mwingine anaangalia.

Taratibu hizi zimeandikwa katika sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008. Sheria hiyo ilitoka katika Katiba ya mwaka 2006, iliyosema kwamba mji na komini vina haki ya kutunza mambo yao vyenyewe. Lakini hawafanyi kila wanalotaka. Gavana wa jimbo anaangalia kazi zao, wasije wakavunja sheria.

5. Wanachaguliwa namna gani

Katika miaka ya kwanza ya Élisabethville, Waafrika hawakuulizwa neno juu ya mji. Wakuu wa Kibelgiji walikata mambo yote. Wazungu walikaa upande wao, na Waafrika walikaa katika sehemu zao wenyewe.

Mwezi wa Desemba 1957, kwa mara ya kwanza, watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipiga kura ya komini. Miji hiyo leo inaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Wakati ule wanaume tu walipiga kura. Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu akawa burugumestri wa komini ya Dendale. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1960, akawa Rais wa kwanza wa Kongo. Basi, komini ilikuwa kama shule yake ya utawala.

Huko Élisabethville jambo jingine lilitokea. Katika komini nne za Waafrika, maburugumestri waliochaguliwa walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Wenyeji wengi wa Katanga walikasirika, na mwaka 1958 chama cha Conakat kikaanzishwa. Uchungu huo ulileta magomvi makubwa katika miaka iliyofuata. Mafundisho yake ni nini? Katika mji wa makabila mengi, kiongozi akishachaguliwa, yeye si wa kabila lake tena. Mvua haiulizi kabila la nyumba inayoingia, na shimo la njiani halichagui gari la kuvunja.

Leo taratibu ni hizi. Wakaaji wa komini, wanaume na wanawake waliotimiza miaka 18, wanachagua washauri wa komini. Washauri wa komini wanachagua washauri wa mji. Na washauri wa mji ndio wanaopaswa kumchagua meya na msaidizi wake. Meya anateua maeshevini. Muda wa washauri ni miaka mitano.

Lakini sheria ikiandikwa leo, haitimizwi yote kesho. Kwa miaka mingi mameya na maburugumestri waliendelea kuteuliwa kutoka juu, kwa sababu kura ya komini haikufanyika. Kura ya kwanza ya washauri wa komini chini ya Katiba ya mwaka 2006 ilifanyika tarehe 20 Desemba 2023, katika komini za miji mikuu ya majimbo. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mtapiga kura siku moja. Jifunzeni tangu sasa kazi ya mshauri ni nini, msije mkamchagua mtu kwa sababu ya chumvi na nguo alizowagawia.

6. Kitabu cha majina

Tuone sasa kazi za komini. Iko moja inayowahusu ninyi watoto kuliko wote: kuandika waliozaliwa.

Katika ofisi ya komini kuna vitabu vikubwa. Kimoja ni cha waliozaliwa, kingine cha waliofunga ndoa, kingine cha waliokufa. Burugumestri ndiye mlinzi wa vitabu hivyo katika komini yake. Mtoto akizaliwa, wazazi wanapaswa kwenda kumwandikisha kabla ya siku 90 kupita. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inasema kwamba kumwandikisha mtoto katika siku hizo ni bure. Siku 90 zikipita, kazi inakuwa ngumu: sharti kwenda mbele ya hakimu, kuleta mashahidi, kutafuta karatasi nyingine, na kupoteza siku na fedha.

Wazazi wengine wanasema: “Karatasi hailiwi. Mtoto wangu ninamjua, ya nini kumwandika?” Wanakosea. Baba anamjua mtoto wake, lakini nchi haimjui.

Sikilizeni mfano. Mtoto wa miaka kumi na miwili anapelekwa kuchimba mawe ya shaba na kobalti katika mashimo. Sheria inakataza kazi hiyo kwa watoto. Mkaguzi anauliza: “Huyu ana miaka mingapi?” Mwenye shimo anajibu: “Ana kumi na minane, ni mfupi tu.” Nani atamshinda kwa maneno? Mtoto hana karatasi. Mtoto mwingine anakamatwa sokoni kwa kosa dogo, anafungwa pamoja na watu wazima, kwa kuwa hakuna wa kuhakikisha umri wake. Lakini yule aliyeandikwa ana shahidi asiyekufa wala kusahau: kitabu cha komini. Kinasema siku aliyozaliwa, mahali alipozaliwa, na wazazi wake ni nani. Wazazi wakifa, kitabu kinamsaidia kudai urithi wake. Akikua, kinamsaidia kupata kitambulisho na karatasi ya kusafiria.

Watoto wengi wa nchi yetu hawajaandikwa bado. Leo jioni ulizeni nyumbani: “Je, mimi nimeandikwa? Karatasi yangu iko wapi?” Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, hesabuni siku zake.

7. Kazi nyingine za komini na za mji

Komini inatunza mambo yaliyo karibu na watu: njia ndogo na mifereji yake, masoko madogo, usafi wa mitaa, sherehe ya ndoa mbele ya sheria. Inaweza kujenga shule ya watoto wadogo, shule ya msingi, au nyumba ya kuzalia.

Mji unatunza mambo yanayopita mpaka wa komini moja: barabara za mji na mifereji mikubwa, taa za barabarani, masoko makubwa, mahali pa kusimamishia motokari, makaburi, kuondoa takataka, kuzima moto. Tena mji unatoa ruhusa ya kujenga nyumba za ghorofa. Ruhusa hiyo si kwa kusumbua watu. Nyumba ikijengwa juu ya mfereji, maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo itapita chumbani mwa jirani.

Lakini yako mambo ambayo watu wanamlaumu meya bure. Maji ya robine yanaletwa na Regideso, na umeme unaletwa na SNEL. Hayo ni mashirika ya taifa, si ya mji. Polisi nao ni wa taifa, ingawa meya ana madaraka ya kulinda amani ya mji na anafanya kazi pamoja nao. Walimu wa shule za serikali wanalipwa na taifa. Kwa barabara na mifereji ya miji kuna pia ofisi ya taifa inayoitwa OVD. Mtu anayejua mlango wa kubisha anapoteza muda mchache. Meya naye anaweza kuwasemea watu wake mbele ya mashirika hayo, na ni wajibu wake kufanya hivyo.

8. Fedha zinatoka wapi

Kufagia soko ni kazi ya mshahara. Gari la takataka linakunywa mafuta. Taa ya barabarani inanunuliwa. Basi, fedha zinatoka wapi?

Sehemu ya kwanza inatoka kwa wakaaji wenyewe. Mama anayeuza lengalenga na sombe sokoni anatoa kodi ya mahali pake. Mwenye motokari analipa mahali pa kuisimamisha. Mwenye kujenga analipa ruhusa. Kila kodi ina kikaratasi chake, chenye mhuri na nambari. Kikaratasi hicho ni kidogo, lakini kina nguvu. Mtoza kodi akitoa kikaratasi, sharti aonyeshe fedha jioni, kwa sababu nambari inamhesabu. Asipokitoa, fedha ya mama haifiki katika sanduku la mji. Inaingia mfukoni mwake. Ndipo soko linakaa bila choo na bila mfagiaji, na watu wanasema: “Tunalipa kila siku, hatuoni kitu.” Kwa hiyo anayelipa na asidai kikaratasi anamsaidia mwizi, hata kama hapendi.

Sehemu ya pili inatoka kwa taifa. Tufanye hesabu pamoja. Katiba inasema kwamba katika kila franka 100 za mapato ya taifa, franka 40 ni za majimbo. Sheria ya mwaka 2008 inasema kwamba katika fedha hizo za majimbo, asilimia 40 ni za miji, komini na sehemu nyingine ndogo za utawala. Asilimia 40 ya franka 40 ni franka 16. Basi, katika franka 100, franka 16 zingepaswa kufika karibu na watu, zigawanywe kati ya miji na komini zote za nchi, pamoja na sehemu za vijijini. Lakini mara nyingi fedha hizo hazifiki zote, wala hazifiki kwa wakati. Hii ni sababu moja ya kuona ofisi ya komini isiyo na dirisha, na mwandishi anayeomba watu wamletee karatasi ya kuandikia. Tusiseme kila upungufu ni uvivu wa wafanyakazi. Lakini pia tusiseme kila wizi ni upungufu. Hesabu ikionyeshwa wazi, tutajua lipi ni lipi.

9. Safari ya mfereji mmoja

Sasa tuyaweke yote pamoja. Lubumbashi inapata karibu milimeta 1200 za mvua kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Novemba na Aprili. Tuseme katika avenyu moja ya Katuba kuna mfereji. Wakati wa kiangazi watu wanatupa humo chupa, mifuko ya plastiki, majivu na maganda ya mahindi. Mfereji umekauka, hakuna anayeona ubaya.

Mvua kubwa ya Desemba inakuja. Maji hayapati njia. Yanapanda, yanavuka njia, yanaingia nyumbani. Mifuko ya unga wa bukari inalowa, vitanda vinalowa, ukuta wa matofali mabichi unaanguka. Lakini liko baya zaidi. Maji yanajaza vyoo, yanachukua uchafu wake, yanaupeleka katika visima. Wiki inayofuata watoto wanaanza kuharisha. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu katika muda wa saa chache, asipopewa dawa ya maji na chumvi upesi. Tena takataka hazikai pale pale. Mvua inazipeleka katika mto Lubumbashi, na mto Lubumbashi unaingia katika Kafubu, nao Kafubu unakwenda mpaka Luapula. Watu wa mbali wanapokea uchafu wa watu wasiowajua.

Nani angeweza kuzuia hasara hiyo?

Wakaaji wa avenyu wangeweza: wasitupe takataka katika mfereji, na mwezi wa Oktoba wauzibue pamoja kwa majembe. Katika miaka ya 1970 kazi kama hiyo iliitwa salongo, na watu walilazimishwa. Lakini mtu mwenye akili hangoji kulazimishwa kuokoa nyumba yake.

Shefu wa mtaa angeweza: apite kabla ya mvua, aangalie mifereji, aandike iliyoziba, apeleke barua kwa burugumestri.

Burugumestri angeweza: atume wafanyakazi, na kuwaonya wanaojenga juu ya mfereji.

Baraza la Komini lingeweza: liweke katika hesabu ya mwaka fedha za mifereji, na halafu liulize kama zimetumika.

Meya angeweza: atengeneze mfereji mkubwa unaopokea maji ya mifereji midogo. Maana mfereji mdogo ukizibuliwa, na mkubwa umeziba, kazi ni bure; maji yatarudi.

Mnaona? Hakuna hata mmoja anayeweza kusema: “Jambo hili halinihusu.” Na mmoja akiacha kazi yake, kazi ya wengine inapotea. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Majembe machache ya mwezi wa Oktoba yana bei ndogo kuliko jeneza moja la mwezi wa Januari.

10. Mkaaji wa mji

Kuna watu wanaokaa mjini kama msafiri anayelala usiku mmoja katika nyumba ya wageni. Hawajui jina la burugumestri wao, hawajui ofisi ya komini iko wapi, wanatupa uchafu popote, na kila asubuhi wanaulaumu utawala. Hao wanalala mjini, lakini si wenyeji wake.

Mwenyeji wa kweli anafanya mambo manne. La kwanza, analipa kodi iliyo halali, na anadai kikaratasi. La pili, anaandikisha watoto wake. La tatu, anatunza mbele ya nyumba yake na mfereji wake. La nne, anauliza kwa heshima lakini bila woga: “Mwaka huu fedha zetu zimefanya kazi gani?” Swali hilo si matusi. Mkuu mwaminifu analipenda, kwa sababu linampa nafasi ya kuonyesha kazi yake.

Meya, burugumestri na washauri ni watumishi. Wanakaa katika ofisi kwa fedha za mama anayeuza lengalenga. Wanapaswa kulikumbuka jambo hilo; na mama huyo anapaswa kulijua.

Maulizo

1. Kwa nini mji unahitaji serikali kuliko kijiji kidogo?
2. Taja komini saba za Lubumbashi.
3. Kazi ya baraza ni nini? Kazi ya meya ni nini? Kwa nini kazi hizo zimetengwa?
4. Jambo gani lilitokea mwezi wa Desemba 1957?
5. Mtoto anapaswa kuandikwa kabla ya siku ngapi? Asipoandikwa anaweza kupata hasara gani?
6. Maji ya robine yakikatika, utabisha mlango gani?
7. Hesabu: kama mapato ya taifa ni franka 500, majimbo yanapaswa kupata franka ngapi? Katika hizo, miji na komini na sehemu nyingine ndogo zinapaswa kupata franka ngapi?
8. Tembea katika avenyu yenu. Angalia mfereji mmoja. Andika mistari mitano: uko namna gani, nani anauharibu, na nani anapaswa kuutengeneza.